Unasali wapi? Namna watu wa Goma wanavyotaja imani yao

Utangulizi

Katika mji wetu wa Goma, watu wawili wakianza kufahamiana, maswali yanafuatana kwa mpango unaojulikana. Kwanza jina, kisha kwenu ni wapi, kisha kazi au masomo. Baada ya hapo linakuja swali hili: "Unasali wapi?" Anayeuliza hasemi "Unaamini nini?", wala hasemi "Dini yako ni gani?" Anauliza fasi. Na jibu nalo linakuwa fasi: "Miye nasali Mont Carmel." "Siye tunasali ku CBCA." "Nasali ku huitième." "Nasali ku musikiti." Wenye kusema Lingala wanauliza vilevile, osambelaka wapi, na Kifaransa cha kwetu kinasema tu pries où.

Ndugu msomaji, swali hilo tumelizoea mpaka hakuna anayelishangaa. Lakini mgeni kutoka mbali anashangaa, maana kwao imani ya mtu ni jambo la moyo wake, na kwetu inatajwa kama anwani ya nyumba. Tumeona vizuri kuandika kurasa hizi ili tutafute swali hilo lilitoka wapi, na kwa nini jibu lake lina uzito mukubwa namna hii. Mtu mwenye fasi ya kusali anajulikana, anatembelewa, anazikwa. Mtu asiye na fasi anabaki bila jibu, hata kama ndani ya roho yake ana imani nyingi. Na mtu asiyeamini kabisa, huyo hata neno la kujiita hana. Hapo ndipo kuna jambo la kufikiri.

1. Wazee walikuwa na nini kabla ya swali

Tukirudi nyuma, kabla ya wamisionari kufika, hakuna mzee wa Bwisha, wa Masisi, wa Walikale au wa kando ya Ziwa Kivu ambaye angeulizwa dini yake. Neno lenyewe "dini" halikuwako katika lugha zetu za nyumbani. Kilichokuwako ni jina la Muumba, na kila kabila lilikuwa nalo. Wenye kusema Kinyarwanda walimwita Imana. Wanande walimwita Nyamuhanga. Wanyanga walimwita Ongo. Washi na Wahavu walimwita Nyamuzinda. Huyo Muumba hakujengewa nyumba. Alitajwa katika baraka, katika kiapo, na hasa katika majina ya watoto.

Tuchukue jina Habimana, ambalo ni jingi sana kwetu. Maana yake ni "Mungu yupo". Na Hakizimana, maana yake "Mungu ndiye anayeponya". Mzazi aliyempa mtoto jina kama hilo alikuwa ameungama imani yake mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyemwuliza anasali wapi. Mtoto mwenyewe alikuwa jibu, anatembea kwa miguu.

Chini ya Muumba kulikuwa na bazimu wa jamaa, waliopewa pombe na chakula, na kulikuwa na ibada kubwa zilizovuka mipaka ya makabila. Ibada ya Lyangombe, ambayo wengine huiita kubandwa, ilienea Rwanda, Bwisha, Buhavu na Bushi. Ndani yake mtu aliingizwa kwa sherehe, akapewa wazazi wengine wa kiroho na siri za kutunza. Hadithi inasimulia kwamba Lyangombe, mwindaji mukubwa, aliuawa na nyati. Waliopokelewa katika ibada yake walitumaini kwamba wakifa watakwenda kuishi naye juu ya Karisimbi, mahali pa baridi na raha. Wasiopokelewa walisemekana kutupwa katika moto wa Nyiragongo.

Mujini kwetu milima hiyo tunaiona tukifungua dirisha asubuhi. Kumbe wazee nao walikuwa na fasi katika imani yao, ila kwao fasi hiyo ilihusu mwisho wa safari: ukifa, utakwenda mlima gani? Wanyanga nao waliutazama upande wa volkano kama makao ya nguvu za chini ya ardhi. Utendi wa Mwindo, ambao Shé-Kárisi Rureke aliusimulia mwaka 1956 na ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliutoa kitabu mwaka 1969, unamtaja Nyamurairi, mwenye moto, na unamshusha shujaa kuzimu na kumpandisha mbinguni. Huo haukuwa mchezo wa watoto. Yalikuwa mafundisho juu ya maisha, kifo na uongozi, bila katekismu na bila benchi za kukalia.

2. Maneno yalivyofika kabla ya misioni

Basi neno "kusali" lilifika namna gani? Lilikuja kwa mguu, pamoja na lugha hii tunayoandika. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani na Unguja walijenga vituo vyao Maniema, Nyangwe na Kasongo, na watu wao, Waungwana, walieneza Kiswahili mpaka huku kwetu. Pamoja na pembe, nguo na bunduki, pamoja pia na mateso ya utumwa ambayo hatuwezi kuyasahau, walileta maneno: dini, imani, sala, roho, dhambi, shetani, malaika. Yote hayo asili yake ni Kiarabu. Mungu na mzimu ni maneno ya Kibantu, yenyewe yalibaki.

Wamisionari Wakristo walipofika waliyakuta maneno hayo tayari, wakayatumia. Kwa hiyo Mkatoliki na Mprotestanti wa Goma wanapoulizana wanasali wapi, wanatumia neno ambalo Mwislamu aliwatangulia kulitamka. Ni vizuri kulikumbuka hilo wakati mtu anaposema eti Uislamu ni kitu cha wageni katika Kivu. Jamaa za Waislamu zimekaa hapa tangu zamani, na mdomo wetu wote unakula katika sahani yao.

Maneno mengine nayo yalikuja, na hayo yalikuwa na sumu. Waungwana walijiita hivyo ili kuwatenga wengine, "washenzi". Baadaye misioni zilileta neno lao, "mupagani". Angalia vizuri: maneno yote mawili yanataja mtu kwa kitu anachokosa. Mushenzi amekosa ustaarabu, mupagani amekosa ubatizo. Yule mzee mwenye Imana yake, bazimu wake na Lyangombe wake hakuachiwa jina la kujiita mwenyewe. Huo ndio mwanzo wa ugumu ambao tutaukuta tena mwishoni mwa kurasa hizi.

3. Misioni, medali na jina la ubatizo

Mapadri Weupe waliingia upande wa Rutshuru kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na misioni ya Lulenga, kule Rugari, iliyoitwa Tongres-Sainte-Marie, ni mama wa parokia nyingi za kwetu. Desturi yao, iliyowekwa na Kardinali Lavigerie, ilikuwa kumfundisha mtu miaka 4 kabla ya kumbatiza. Miaka 4 ya kutembea kwenda misioni, kukariri maswali na majibu, kufanya kazi huko, kutazamwa na katekista. Aliyeanza mafundisho alijulikana kwa medali shingoni. Hakuna aliyehitaji kumwuliza anaamini nini, maana medali ilijibu. Siku ya ubatizo alipata jina jipya: Yosefu, Maria, Petro.

Waprotestanti walikuja na mpango wao. Wabaptisti kutoka Marekani walianza kazi Kivu ya Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1920, na kanisa lililozaliwa huko ndilo tunaloliita leo CBCA. Wapentekoste kutoka Sweden na Norway walianza upande wa kusini katika miaka hiyohiyo ya 1920, na matunda yao ni CEPAC na CELPA. Misioni hizo ziligawana nchi, kila moja na upande wake, na kilima kimoja kikawa cha Wakatoliki, kingine cha Waprotestanti. Mtoto alizaliwa, akasoma, akatibiwa na akaoa katika eneo la misioni moja. Ndipo fasi na imani vilianza kuwa kitu kimoja. Kusema "niko mutu wa Lulenga" kulikuwa kusema niko Mkatoliki, bila kuongeza neno.

Serikali ya Wabelgiji ilitia nguvu mpango huo. Misioni za Kikatoliki ndizo zilizopewa fedha za kuendesha shule, na za Waprotestanti zilingoja mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo kujiandikisha upande fulani hakukuwa jambo la roho tu. Kulikuwa pia njia ya kupata kalamu, dawa na kazi ya karani. Hatusemi kwamba wazee wetu walibatizwa kwa ajili ya kalamu. Wengi waliamini kweli, na wengine waliteseka kwa ajili ya imani hiyo. Tunasema tu kwamba mlango ulikuwa mmoja, na wote waliupitia, mwenye kuamini na mwenye kutafuta shule, na kwa nje hakuna aliyeweza kuwatofautisha.

4. Wakati jibu lilipoweza kukufunga

Kuna wakati ambapo kutaja imani yako kulikuwa kesi. Nyabingi alikuwa roho aliyeheshimiwa katika mipaka ya Rwanda, Uganda na Rutshuru, na wasemaji wake, wengi wanawake, waliwakataza watu kutii wazungu. Mmoja wao, Muhumuza, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911, akazuiliwa Kampala mpaka alipokufa mwaka 1945. Kwa serikali za kikoloni, kusema "niko wa Nyabingi" kulikuwa sawa na kusema niko muasi.

Halafu kulikuwa Kitawala. Jina lenyewe lilitoka katika neno la Kiingereza tower, maana mafundisho yake yalitokana na vitabu vya Watch Tower, lakini masikio ya Waswahili yalisikia "kutawala", na maana hiyo ya pili iliwatia wazungu woga. Mwaka 1944 Bushiri aliongoza uasi wa watu wa Kitawala katika nchi ya Masisi na Lubutu. Jeshi la Force Publique liliuzima kwa nguvu, watu wengi wakafa. Wafuasi wengi wa Kitawala katika koloni walihamishwa mbali na kwao, wengine kwa miaka mingi. Jamaa nyingi zilijifunza hapo kuficha: mchana unataja fasi inayoruhusiwa, usiku unaamini unavyojua. Desturi ya majibu mawili haikuanza leo.

Uhuru haukuondoa mkono wa serikali katika jambo hili. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua kwanza makanisa matatu: Katoliki, Kimbangu na Kanisa la Kristo, ECC, lililokusanya Waprotestanti. Waislamu na Waorthodoksi waliongezwa baadaye. Waprotestanti wakawa jumuiya zenye namba, na mpaka leo mtu wa Goma anasema "nasali ku huitième" akimaanisha CEPAC, au "ku cinquième" akimaanisha CELPA. Imani ya mtu ikapewa namba kama nyumba ya serikali!

Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo kwa ajili ya authenticité. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishwa kwa kifungo cha miaka 5. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Hapa Goma, Yosefu na Maria waliondoka kwenye karatasi wakabaki nyumbani na mu kanisa. Lakini tazama kichekesho cha historia: Habimana alipita bila shida, kwa sababu lilikuwa jina la mababu. Sheria iliyotaka kuondoa dini ya wageni katika majina iliacha watu waendelee kusema kila siku, katika ofisi za serikali yenyewe, kwamba Mungu yupo. Baada ya mwaka 1990, chama kimoja kilipokwisha, majina ya ubatizo yalirudi waziwazi, na kwa hiyo wengi wetu leo tuna matatu: la ubatizo, la baba na la mababu. Ukisoma karatasi ya mtu wa Goma pole pole, unasoma historia hii yote juu ya mstari mmoja.

Shule nazo: mwaka 1974 serikali ilizichukua kutoka kwa makanisa, ikashindwa kuziendesha, na kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 ikayarudishia makanisa uongozi wake. Tangu hapo shule zetu nyingi ni za serikali kwa mshahara na za kanisa kwa uongozi. Mwalimu anayetafuta fasi katika shule hizo anajua kwamba swali la kusali linaweza kumfikia.

5. Uamsho na mlango wa pili

Mpaka hapo mtu alisali mahali alipozaliwa. Uamsho ndio uliogeuza mambo. Katika miaka ya 1930 ulitokea Gahini, Rwanda, na Uganda, ukaleta neno "mulokole", kutoka Kiganda, maana yake aliyeokolewa. Mulokole alikuja na jambo jipya kabisa: tarehe. Aliweza kusema siku na saa alipookoka. Kwa mara ya kwanza mtu alitaja imani yake kwa kusimulia maisha yake mwenyewe: nilikuwa hivi, nikafanya hivi, Yesu akanipata. Ushuhuda huo ulisemwa mbele ya wote, hata aibu za ndoa na wizi zikitajwa.

Kuanzia miaka ya 1980 na hasa 1990 yalizaliwa makanisa ya uamsho ya kisasa, pamoja na vyumba vya maombi katika kila avenue: chini ya bati, chini ya turubai, katika sebule ya mama fulani. Vita, kolera ya mwaka 1994 wakati wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu, njaa na kukosa kazi, vyote vilisukuma watu huko. Leo utasikia mtu akijibu kwa sehemu mbili: "Niko Mkatolika, lakini maombi naendaka kwa mama fulani siku ya tano." Anwani mbili! Misa ni ya ukoo, ya ubatizo na ya maziko. Chumba cha maombi ni cha matatizo ya wiki hii. Mapadri na wachungaji wengi wanalalamika juu ya tabia hiyo. Sisi tunaona ni desturi ya zamani iliyovaa nguo mpya, maana mzee wa Bwisha naye alimjua Imana kwa mambo makubwa, na mwenye kutabiri kwa mambo ya wiki.

Uamsho ulileta pia hatari. Katika baadhi ya vyumba hivyo watoto, na mara nyingi yatima, waliitwa walozi, wakapigwa, wakafukuzwa nyumbani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungo cha 41, na sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 zinakataza mashtaka hayo. Tunalitaja kwa sababu linahusu kichwa chetu: mtoto hawezi kutaja imani yake, wengine wanaitaja kwa niaba yake, na maneno yao yanaweza kumharibia maisha.

6. Mlima unapouliza

Katika mji wetu kuna mwulizaji mwingine, naye ni Nyiragongo. Uliwaka tarehe 10 Januari 1977, ukawaka tarehe 17 Januari 2002, ukawaka tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 moto uligawa mji katikati, ukaua zaidi ya watu 100, ukaacha wengine kama 120,000 bila nyumba. Katedrali ya Mtakatifu Yosefu iliangamia ndani ya mawe hayo ya moto, pamoja na nyumba za wafanyabiashara na za maskini, bila kubagua.

Siku zile ndipo maneno ya watu juu ya imani yalisikika wazi. Kuna waliosema ni hukumu ya Mungu kwa uovu wa mji. Kuna waliosema bazimu wa mlima wamekasirika kwa sababu wenye ardhi hawaheshimiwi na tambiko zimeachwa. Kuna waliosema ni gazi na mawe, wasomi wa volkano wameeleza. Na kuna waliosema yote matatu katika siku moja, kulingana na nani yuko mbele yao. Wengine waliuliza kimya kimya: kama katedrali yenyewe imeungua, nani analindwa?

Fasi ya kusali ilipoondoka, watu hawakuacha kusali. Misa ilifanywa nje na mu shule, wachungaji walihubiri juu ya mawe yaliyokuwa yangali na joto. Mwaka 2021 moto ulipokaribia mji upande wa Buhene ukasimama, wengi walisema sala ndizo zilizousimamisha. Aliyepoteza nyumba au mtu huko Buhene hakuwa na la kusema. Na sisi tunaosimulia tuwe waangalifu hapo, maana shukrani ya mmoja inaweza kuwa jeraha la jirani yake.

Vita navyo vilifanya vilevile. Watu wa Rutshuru na Masisi waliokimbilia kambi za Kanyaruchinya na Bulengo tangu mwaka 2022 waliacha parokia na jumuiya zao nyuma. Mu kambi walijijengea fasi za kusali kwa maturubai. Kambi zenyewe zilivunjwa na kuachwa mwanzoni mwa mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari. Ukimwuliza mtu kama huyo anasali wapi, umemwuliza pia alipoteza nini.

7. Wenye kusema "sisali"

Sasa tufike kwa wale ambao swali letu linawaumiza zaidi. Wako wa namna mbalimbali, na si vizuri kuwaweka katika kapu moja.

Wa kwanza ni yule anayesema, "Miye niko Mkatolika, lakini sisali." Amebatizwa, hajakana kitu, ila miguu haiendi. Watu wanamcheka kidogo na kumngoja. Wa pili anasema, "Mungu naamini, makanisa siamini." Huyo amechoka na sadaka, na magomvi ya wachungaji, na wahubiri waliobariki wenye bunduki. Baada ya mwaka 1994, watu walipoona kwamba huko Rwanda Wakristo waliwaua Wakristo hata ndani ya makanisa, sentensi hiyo ilipata uzito ambao si rahisi kuujibu. Wa tatu anafuata ya mababu. Huyo hujiita Mkristo mbele ya watu, kwa sababu neno alilopewa, mupagani, ni tusi. Wa nne hasadiki kwamba Mungu yupo. Ni wachache, wengi wao wasomi, nao kwa kawaida hukopa neno la Kifaransa, athée, kwa sababu Kiswahili chetu hakijawatengenezea jina lisilo na lawama. Neno kafiri linaumiza, mupagani linachafua, "asiye na dini" linasikika kama asiye na adabu.

Bei wanayolipa inajulikana. Siku ya ndoa, jamaa ya bibi inauliza barua ya kanisa. Siku ya matanga, watu wanatazamana: nani atasalisha, kwaya gani itaimba? Jamaa nyingine hutafuta haraka katekista au mchungaji mwenye huruma, na marehemu anazikwa kwa maneno ambayo hakuyasadiki. Tusiwalaumu jamaa hao. Kwetu kumzika mtu kimya ni kumtupa.

Katiba ya mwaka 2006 inasema mambo mawili ambayo yanatuonyesha sawasawa tulivyo. Katika utangulizi wake, taifa linajitaja kuwa na wajibu mbele ya Mungu. Katika kifungo cha kwanza, serikali inaitwa isiyo ya dini, na kifungo cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Yaani yule mwenye kusema "sisali" ana haki yake kwa sheria. Anachokosa ni fasi katika mazungumzo yetu.

Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya maneno tu. Tarehe 30 Agosti 2023, hapa Goma, askari wa ulinzi wa rais waliwapiga risasi watu wa kundi moja la ibada waliokuwa wanajiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 43, na hesabu zilizofuata zilizidi 50. Kundi hilo lilijitaja kwa jina linalounganisha imani ya asili, Uyahudi na Masihi. Watu wengi wa mji walikuwa hawajui hata waliwaita nini, wengine wakasema tu "wale Wazalendo", wengine "wale wa mizimu". Mtu anaweza kukataa mafundisho yao yote, na bado akaona ubaya wake: ni rahisi zaidi kuwasahau wafu ambao hatukuwa na jina sahihi la kuwaita. Nyabingi, Kitawala, na hawa wa mwaka 2023, wote walitajwa na wengine kabla ya kusikilizwa wenyewe.

Kwa kumaliza

Hatuandiki haya ili kuondoa swali la "Unasali wapi?" Ni swali la upendo pia. Anayekuuliza anataka kujua siku ukiugua atampigia nani simu, na ukifa atasimama na nani. Katika mji uliotishwa mara tatu na moto, na mara nyingi zaidi na vita, kuwa na fasi ni kitu kikubwa. Mashirika ya jirani mu parokia, wamama wa CBCA, vijana wa msikiti, ndio waliobeba mji huu mgongoni wakati serikali haikuonekana.

Tunachoomba ni mambo mawili madogo. La kwanza, baada ya kuuliza fasi, tujifunze kungoja. Mtu akinyamaza, au akisema "sisali", tusikimbilie kumwita mupagani, wala tusimvute mkono kumpeleka kwetu Jumapili. Tumwache aseme anachoamini kwa maneno yake, au aseme kwamba haamini. Neno likikosekana, litatengenezwa mdomoni mwa wale linaowahusu.

La pili, wazee wanaojua Imana, Nyamuhanga, Ongo na Nyamuzinda walivyoombwa zamani wanapungua kila mwaka, na wengi wanaona haya kusema kwa sababu wajukuu watawaita walozi. Tuwaulize wakiwa hai, tuandike, hata sisi tulio Wakristo au Waislamu, kwa sababu majina yao ndiyo tunayobeba. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Habimana akiulizwa anasali wapi, ataje parokia yake, jumuiya yake au msikiti wake, au aseme hasali. Lakini ajue pia jina lake linasema nini, na nani aliyelisema kwanza.